Kovu la G.I. Joe

Mwaka 1964 kampuni ya Hasbro ya Pawtucket, Rhode Island, ilipeleka madukani mwanajeshi wa plastiki mwenye urefu wa karibu sentimeta 30 na viungo vinavyokunjika. Aliitwa G.I. Joe, na kwenye shavu lake la kulia alikuwa na kovu. Watoto waliliona kama alama ya vita, lakini kwa Hasbro lilikuwa ushahidi. Umbo la binadamu, mikono yake miwili na kichwa chake kimoja, halina mwenyewe mbele ya sheria, ila kovu lile lilikuwa na mwenyewe. Mwigaji ambaye angeitolea sanamu ile kalibu angenakili na kovu, na pamoja nalo ukucha wa kidole gumba cha mkono wa kulia, uliokuwa umewekwa upande wa chini wa kidole badala ya juu.

Hofu ya kuigwa ilikuwa na msingi, maana biashara ya sanamu za kuchezea yenyewe ilikulia katika kuigana. Ruth Handler, mmoja wa waanzilishi wa Mattel, alikuwa safarini Ulaya mwaka 1956 alipomwona Bild Lilli, mwanasesere wa Kijerumani aliyetokana na katuni ya gazeti la Bild. Barbie alizinduliwa Machi 1959, na wawili hao walifanana mno hata kesi ikafunguliwa mwaka 1961. Ilimalizwa kwa mapatano mwaka 1963, na mwaka uliofuata Mattel ikanunua haki za Lilli kwa dola 21,600. Yafaa kuyakumbuka haya kila Mattel inapotajwa kama mlalamikaji, na imetajwa hivyo mara nyingi.

Lakini kati ya viwanda vikubwa na wezi wa kalibu kuna mafundi wa aina nyingine. Hawa hununua sanamu dukani, wakaing'oa kichwa, wakaiongezea misuli au joho kwa udongo wa epoksi, wakaipaka rangi upya, hadi akapatikana shujaa ambaye hakuna kiwanda kilichowahi kumtoa. Kisha humuuza. Nchini Marekani, jibu la kama wanaruhusiwa linaanzia kwenye riwaya. Wachapishaji Bobbs-Merrill walichapa ndani ya kitabu chao onyo kwamba kisiuzwe chini ya dola 1. Duka la Macy's likakiuza kwa senti 89. Mwaka 1908 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mwenye hakimiliki akishauza nakala, hana tena mamlaka juu ya mauzo yanayofuata. Fundi aliyelipia sanamu yake anasimama juu ya msingi huo hadi leo.

Msingi huo una ufa. Kampuni moja ya New Mexico, Albuquerque A.R.T., ilikuwa ikinunua picha halali za wachoraji na kuzigandisha juu ya vigae, kisha kuviuza vigae hivyo. Mwaka 1988 mahakama ya rufaa ya San Francisco ilisema huko ni kuzalisha kazi mpya kutokana na kazi ya mtu bila idhini yake. Mwaka 1997, katika shauri la kadi za mchoraji Annie Lee, mahakama ya rufaa ya Chicago ililitazama tendo lile lile la kampuni ile ile na kusema hakuna kosa: kadi haikubadilika, imehamishiwa tu juu ya kigae. Mahakama ya Juu haijawahi kuzipatanisha. Fundi anayehamishia kichwa cha sanamu moja kwenye kiwiliwili cha nyingine anafanya kazi yake katikati ya hukumu hizo mbili, na ni dhuluma kwamba uhalali wa mikono yake unategemea mji atakamoshtakiwa.

Kilichowasaidia mafundi zaidi ni ujasiri wa watu wachache waliokataa kutishika. Mwanamke mmoja wa Uingereza alivipaka rangi upya vichwa vya Barbie, akawavika wanasesere hao mavazi ya ngozi na kuwauza kwa watu wazima. Mattel ilimshtaki New York. Mwaka 2002 jaji Laura Taylor Swain aliona kwamba amemgeuza Barbie kuwa kitu kingine kabisa, ambacho Mattel haikiuzi wala haitarajiwi kukiuza, na kwamba hayo ni matumizi ya haki.

Wakati huo huo msanii Tom Forsythe wa Utah alikuwa akipambana kwa sababu ya picha 78 alizopiga mwaka 1997, zikimwonyesha Barbie akiwa hatarini ndani ya vyombo vya jikoni. Mapato yake yote kutokana na picha hizo yalikuwa dola 3,659, na angalau nusu ya fedha hizo zilitoka kwa wapelelezi wa Mattel walionunua ili wapate ushahidi. Alishinda kwenye rufaa mwaka 2003, na mwaka uliofuata Mattel iliamriwa kulipa gharama za mawakili wake, zaidi ya dola milioni 1.8. Kwa msanii asiye na kitu, hukumu ya gharama ilikuwa na uzito zaidi kuliko hukumu yenyewe, kwa kuwa mafundi wengi huacha kazi siku ile ile ya kupokea barua ya wakili, wakiwa na haki au hawana.

Kesi iliyochimba kwa kina zaidi ilizuka Uingereza, na chanzo chake kilikuwa kofia. Mwaka 1976 Andrew Ainsworth alikuwa na karakana Twickenham, London, akitengeneza vitu vya plastiki kwa kuifyonza karatasi laini ya plastiki juu ya kalibu. Rafiki yake Nick Pemberton alifinyanga kwa udongo mfano wa kofia ya askari wa Stormtrooper, akifuata michoro ya Ralph McQuarrie, na Ainsworth akatoa kofia 50 kwa ajili ya filamu ya kwanza ya Star Wars. Hakuna aliyefikiria mkataba. Mwaka 2004 alirudi kwenye vifaa vyake vya zamani, akatengeneza kofia nyingine na kuziuza.

Lucasfilm, kampuni yenye filamu hiyo, ilimshtaki California, na mwaka 2006 mahakama huko ikaamuru alipe dola milioni 20. Ainsworth hakuwa na mali Marekani, hivyo Lucasfilm ikamfuata nyumbani kwake. Hapo swali likageuka la ajabu. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1988 inalinda sanamu kama kazi ya sanaa, lakini kitu ambacho si kazi ya sanaa kinaweza kuigwa hata kama kilichorwa kwanza kwenye karatasi. Basi kofia ya filamu ni sanamu ya sanaa?

Jaji Mann alisema si sanaa mwaka 2008, Mahakama ya Rufaa ikakubaliana naye mwaka 2009, na Julai 2011 Mahakama ya Juu ikahitimisha: kofia ile ilikuwa kifaa cha kazi, sehemu ya kutengeneza filamu. Kwa wauzaji wa sanamu za kuchezea kulikuwa na habari nyingine ndani ya hukumu ya Mann. Aliwapima pia askari wadogo wa plastiki waliouzwa madukani, akaona kwamba nao si sanamu kwa maana ya sheria, kwa kuwa wamekusudiwa mchezo. Ainsworth hakutoka bure, hata hivyo. Majaji wale wale wa Mahakama ya Juu walikubali kwamba mahakama ya Uingereza inaweza kusikiliza madai ya kuvunja hakimiliki ya Marekani. Alibaki huru kuuza Uingereza, akafungiwa soko la Marekani.

Marekani, kwa upande wake, ilikuwa ikizidi kukaza. Mark Towle wa Gotham Garage huko California alikuwa akiunda magari kamili ya mfano wa Batmobile na kuyauza kwa takriban dola 90,000 kila moja. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ilisema gari hilo ni mhusika, mwenye hakimiliki yake kama alivyo Batman mwenyewe. Hukumu hii inawagusa mafundi wanaojivunia kuchonga kila kitu kwa mkono bila kugusa kalibu ya mtu: hata kama plastiki yote ni yao, mhusika si wao.

Sura ya mtu halisi ina njia yake. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya jimbo la Georgia ilitoa uamuzi dhidi ya sanamu za plastiki za kichwa na mabega ya Martin Luther King Jr., zilizokuwa zikiuzwa kwa dola 29.95 bila ridhaa ya warithi. Muuzaji aliahidi kutenga sehemu ya mapato kwa ajili ya kituo kinachobeba jina la King. Mahakama haikuona kwamba ahadi hiyo inatosha, ikaamua kuwa haki ya mtu juu ya sura yake haizikwi pamoja naye. Hapo mahakama ilisimama upande wa haki. Familia iliyompoteza baba kwa risasi haistahili kumwona amepangwa kwenye orodha ya bidhaa bila kuulizwa.

Pigo la karibuni lilitoka Washington mwezi Mei 2023. Lynn Goldsmith alimpiga picha mwanamuziki Prince mwaka 1981, Andy Warhol akaitumia picha hiyo kutengeneza michoro ya rangi, na mwaka 2016 mmoja ulikodishwa kwa jarida kwa dola 10,000. Majaji saba wa Mahakama ya Juu dhidi ya wawili walisema kwamba kuipa kazi ya mwingine sura mpya hakutoshi ikiwa inauzwa kwa kazi ile ile iliyokuwa ikifanywa na ya awali. Hukumu za Barbie za 2002 na 2003 hazikufutwa. Ila fundi anayeuza leo Darth Vader aliyempaka rangi ya waridi atatakiwa kueleza kwa nini alimhitaji Vader mwenyewe, na anasema nini juu yake ambacho asingeweza kukisema kwa sanamu nyingine yoyote.