Ngozi ya Alumini: Ilianzia Wapi, na Kwa Nini Ukiiharibu Hairudi

Ndugu mkulima na ndugu mfanyabiashara, kabla hujanunua keni mpya ya maziwa au kumlipa fundi wa madirisha ya duka lako, nipe dakika chache. Leo tunarudi nyuma miaka mia moja na zaidi, kwa sababu hasara nyingi za vyombo vya alumini zinatokana na jambo moja tusilolijua: chuma hiki kinaishi kwa kutegemea ngozi yake.

Chuma kilichokuwa cha wafalme

Alumini ipo tele ardhini kuliko metali nyingine yoyote. Hata udongo mwekundu wa shambani kwako unayo. Shida ni kwamba imeshikana sana na oksijeni, na kuitenganisha ni kazi ngumu. Mfaransa Henri Sainte-Claire Deville alipopata njia ya kuitengeneza mwaka 1854, bado ilikuwa ghali mno. Inasimuliwa kwamba Napoleon III wa Ufaransa aliwaandalia wageni wake wakuu vijiko vya alumini, na wengine wakalia kwa vya dhahabu. Mwaka 1884 Wamarekani walipomaliza mnara wa Washington, kileleni waliweka kipande cha alumini chenye uzito usiofika kilo 3, wakakihesabu kuwa pambo la thamani.

Miaka miwili baadaye mambo yaligeuka. Mwaka 1886 vijana wawili wasiofahamiana, Charles Martin Hall huko Marekani na Paul Héroult huko Ufaransa, waligundua kila mmoja kwa upande wake jinsi ya kuitoa alumini kwa umeme. Bei ikaporomoka. Ndiyo maana leo mama lishe anapikia sufuria ambayo zamani ingewekwa kabatini kwa mfalme.

Ngozi ya asili

Ukikwaruza alumini kwa kisu, pale pa kung'aa pakigusana na hewa tu panapata utando mpya. Utando huo ndio ninaouita ngozi. Ni mwembamba mno: ugawe milimita moja mara milioni, uchukue sehemu chache tu. Hata hivyo unatosha kuzuia hewa na maji visiendelee kula chuma. Kutu ya chuma cha kawaida humomonyoka na kuacha chuma kiendelee kuliwa. Ngozi ya alumini hung'ang'ania.

Lakini ina maadui wawili wakubwa: ukali wa tindikali, na ukali wa magadi, majivu, chokaa na kostiki soda. Chumvi nayo huitoboa matundu madogo madogo. Wewe mkulima unalijua jambo hili kwa njia nyingine. Udongo ukiwa na tindikali nyingi, pH ikishuka chini ya 5.5, alumini iliyofungwa ardhini huanza kuyeyuka na kudumaza mizizi ya mahindi. Ndipo tunapokushauri uweke chokaa. Kanuni ni ileile: tindikali humfungua mfungwa.

Bahari ilivyowafundisha Waingereza

Mwaka 1906 Mjerumani Alfred Wilm aligundua kwamba alumini ikichanganywa na shaba kidogo, ikachomwa, ikapozwa ghafla na kuachwa siku chache, inakuwa ngumu ajabu. Mchanganyiko huo ukaitwa duralumini, na watengenezaji wa ndege wakaukimbilia. Kumbe ile shaba iliyoleta nguvu ilidhoofisha ngozi. Ndege za kutua majini zilipokaa kwenye maji ya chumvi, zilianza kuliwa.

Mwaka 1923 Waingereza wawili, Bengough na Stuart, walisajili dawa yake. Walitumbukiza kipande kwenye birika la tindikali ya kromiki, wakakiunga upande chanya wa umeme. Badala ya kuliwa, alumini ikaota ngozi nene kutoka kwenye mwili wake yenyewe. Upande huo chanya huitwa anodi, na kazi hiyo ikaitwa anodaizi. Mwaka 1927 Gower na O'Brien, nao wa Uingereza, wakasajili njia ya kutumia tindikali ya salfuriki, jamii ya maji ya betri. Ndiyo inayotumika zaidi viwandani hadi leo.

Miaka hiyohiyo ya 1920, watafiti wa taasisi ya RIKEN kule Japani walitumia tindikali ya oksaliki, na kazi yao ikajulikana kwa jina la Alumite. Jikoni kwa Wajapani kazi hiyo ilikuwa na manufaa yake. Hubeba chakula cha mchana kwenye vikopo, na juu ya wali huweka tunda lililokaushwa kwa chumvi, kali kama ukwaju. Tunda hilo lilikuwa likitoboa mifuniko ya alumini.

Mafundi walijifunza nini

Ngozi ya kiwandani ina unene wa kati ya sehemu 5 na 25 za milimita iliyogawanywa mara elfu moja. Ni nene kuliko ya asili mara maelfu. Ikitoka kwenye birika ina vitundu vingi visivyoonekana kwa macho, na humo ndimo rangi hunywewa. Kisha kipande huchemshwa kwenye maji safi yanayokaribia kutokota ili vitundu vijifunge. Fundi akiiruka hatua hiyo, rangi hutoka na uchafu huingia. Birika likipata joto kupita kiasi, ngozi hutoka laini, ukiisugua inafutika. Kipande kikiingia na mafuta, hutoka na mabaka. Kwa hiyo bidhaa mbili zinazofanana dukani zinaweza kutofautiana sana baada ya mwaka mmoja.

Wewe ufanye nini

Shika jambo hili moja: ngozi ya asili ikiondoka hurudi yenyewe, ila ngozi ya kiwandani ikiondoka hairudi mpaka kipande kirudi kiwandani.

1. Sufuria nyingi za kawaida hazijafanyiwa anodaizi. Ukizisugua kwa majivu zinang'aa, lakini kila mara unaondoa chuma kidogo. Tumia sabuni na kitambaa. Sufuria ya kijivu kizito iliyofanyiwa anodaizi usiiguse kabisa kwa majivu wala kostiki.

2. Usilaze maziwa ya mgando, ukwaju, nyanya au chakula chenye chumvi nyingi ndani ya alumini. Pika, kisha hamishia chombo kingine. Keni ya maziwa ioshwe mara tu baada ya kumimina, isuuzwe, igeuzwe ikauke. Vitundu vyenye unga mweupe ni maficho ya vijidudu, na maziwa yako yatakataliwa kituoni.

3. Kwenye ujenzi, madirisha yaingie mwisho. Kama yameshawekwa, yafunike kwa nailoni kabla ya lipu. Saruji na chokaa mbichi huacha madoa yasiyotoka. Zikidondoka, osha kwa maji mengi palepale kabla hazijakauka.

4. Ukinunua fremu za nje, uliza unene wa anodaizi. Kwa nje tafuta 15 au zaidi. Ukiwa pwani, penye upepo wa chumvi, tafuta 20 hadi 25.

5. Jipimie mwenyewe. Chukua betri ya tochi, balbu ndogo na nyaya mbili, gusa fremu taratibu sehemu mbili bila kukwaruza. Balbu ikiwaka, hiyo ni alumini tupu, kwa sababu ngozi ya anodaizi haipitishi umeme. Isipowaka, angalia tena: rangi ya kupaka nayo huzuia umeme, ila hufunika chuma na huweza kubanduka. Anodaizi haibanduki, maana ni sehemu ya chuma chenyewe.

6. Akija mtu kukwambia atakufanyia anodaizi uani kwa maji ya betri, mkatalie. Tindikali ile hupofusha macho, na hewa inayotoka kwenye birika hulipuka ikipata cheche.

Bengough na Stuart walihangaikia ndege. Wewe unahangaikia lita 20 za maziwa ya asubuhi na fremu ulizozinunua kwa pesa ya mavuno. Chuma ni kilekile na adui ni yuleyule. Itunze ngozi yake, nayo itakutunzia mali.