Gambuti za Kifuani

Mvua za masika zinapoanza kupungua huku kwetu Nyeri, mimi huwa kama mtoto anayehesabu siku za kufika Krismasi. Asubuhi hutoka nje nikautazama mlima kama umejifunua, kisha nikashuka hadi darajani kuangalia rangi ya maji. Yakiwa mekundu kama chai ya maziwa, narudi nyumbani. Yakianza kuonyesha mawe ya chini, moyo unanidunda. Katika nchi za Ulaya na Marekani ziko sehemu nyingi ambako msimu wa kuvua trauti hufunguliwa kwa sheria, kwa tarehe iliyoandikwa. Kwetu msimu hufunguliwa na mto wenyewe, na mto hauna haraka ya mtu.

Mwaka huu nilipotoa vyombo vyangu ghalani kuvikagua, fimbo ilikuwa salama, mshipi ulikuwa salama, na nzi wa bandia walikuwa wamelala kimya katika kijaluba chao. Lakini gambuti zangu zilikuwa zimefika mwisho wa maisha yake. Nasema gambuti, ingawa si zile za kwenda shambani. Hizi ni buti na suruali vilivyoshikamana, vikapanda mpaka kifuani na kuning'inia mabegani kwa kanda mbili, ili mvuvi aweze kusimama katikati ya mto bila kulowa. Waingereza wana jina lao. Sisi tumeziita gambuti za kifuani, nami sioni sababu ya kutafuta jina jingine.

Mpira wake ulikuwa umepasuka magotini na kwenye mshono wa kati. Viraka vilikuwa vingi hata sikujua ni kipi cha kubandua na kipi cha kubandika. Nilikaa nazo mapajani, mzee mwenye miaka sabini, nikajua lazima ninunue nyingine. Hapo ndipo nilipomkumbuka babu yangu, mzaa baba, aliyesimama katika mito hii hii miaka mingi kuliko mimi, wala asivae kitu mguuni.

Kabla ya kueleza habari zake, yafaa msomaji ajue kwamba trauti si samaki wa kwetu. Maji ya milima yetu yalikuwa baridi na safi, lakini trauti hakuwamo. Mwaka 1905 mlowezi mmoja Mwingereza, Ewart Grogan, alileta mayai ya trauti kutoka Loch Leven, Uskoti, na vifaranga wakatiwa katika mto Gura, unaoshuka kutoka Nyandarua. Mayai ya samaki huyu hufa yakipata joto. Ebu fikiria basi safari ile: meli mpaka Mombasa, kisha garimoshi kupita nyika kavu ya Taru. Na kwa kuwa wakati huo hapakuwa na reli ya kuja Nyeri, mizigo ya huku ilipanda kwa vichwa na mabega ya wapagazi. Samaki wa kujivinjari nao mabwana alifika kwetu kwa jasho la watu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Baadaye ikaletwa pia trauti ya upinde wa mvua, ambayo asili yake ni mito ya upande wa Pasifiki, na mito mingine ikapandwa samaki: Chania, Sagana, Thiba, Naro Moru na kadhalika.

Huyo Grogan alikuwa mtu wa sifa. Alijulikana kwa safari yake ya kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi Cairo, aliyoimaliza mwaka 1900. Lakini sisi tuna sababu nyingine ya kumkumbuka. Mwezi Machi mwaka 1907, mbele ya mahakama ya Nairobi, aliwachapa viboko hadharani Wakikuyu waliodaiwa kuwakosea adabu wanawake wa Kizungu, huku umati wa walowezi ukitazama. Serikali yake mwenyewe ilimshtaki na kumfunga kifungo kifupi. Miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu alete trauti. Mimi huyaweka mambo haya mawili pamoja kila ninaporusha mshipi, kwa kuwa yalitoka katika mkono mmoja. Samaki hana hatia, lakini historia yake ninayo.

Babu yangu hakujua mwaka aliozaliwa. Alichojua ni kwamba alipokuwa kijana, trauti walikuwa wamekwisha kujaa mitoni, na Wazungu walihitaji watu wa kuwabebea mikoba, kuwaonyesha vidimbwi, na kuingia majini kuwakingia samaki kwa kimia. Akaifanya kazi hiyo. Bwana alisimama mtoni akiwa mkavu ndani ya mpira wake. Babu alisimama kando yake na kaptura, maji yakimfika kiunoni, maji yaliyotoka kwenye theluji na mabwawa ya mlimani. Samaki wakipatikana, hakuwala. Kwa Wakikuyu wa zamani samaki hakuwa chakula, alihesabiwa pamoja na nyoka. Kwa hiyo alibeba asichokila, kutoka katika mto wa baba zake, ambao yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuuvua bila leseni.

Namkumbuka katika miaka ya sitini, akikaa karibu na moto hata mchana, miguu imefungwa blanketi. Baridi yabisi ilikuwa imemla magoti na vifundo. Siku moja nilimwuliza, kwa ujinga wa utoto, "Guka, mbona na wewe hukuvaa zile gambuti ndefu?" Alicheka sana. Akanijibu, "Mjukuu wangu, zile hazikuwa nguo. Zile zilikuwa cheo."

Neno hilo limekaa nami miaka sitini. Nilipokuwa mwalimu, nikawa na nafasi ya kusoma, nilianza kufuatilia jinsi mavazi haya yalivyopatikana, nikaona kwamba babu alisema kweli kuliko alivyojua.

Kabla ya mpira, mvuvi wa Ulaya aliyetaka kukauka alivaa buti za ngozi zilizopakwa mafuta, nazo zilikuwa nzito na zilivuja. Mwaka 1823 Charles Macintosh wa Glasgow alipata hataza ya kitambaa chenye mpira katikati ya tabaka mbili. Kilizuia maji, lakini wakati wa joto kilinata na wakati wa baridi kilikuwa kigumu kama ubao. Dawa ya tatizo hilo iligunduliwa na Mmarekani Charles Goodyear mwaka 1839, alipochanganya mpira na salfa kisha akaupasha moto. Hataza yake ni ya mwaka 1844. Tangu hapo mpira ukaweza kuvumilia jua na barafu, na buti za kuingilia mtoni zikawa jambo la kawaida kwa wenye fedha.

Lakini mpira hauoti Glasgow. Ulitoka Amazoni, na ulitoka Afrika, katika mitambaazi ya porini. Baada ya John Boyd Dunlop kupata hataza ya gurudumu la upepo mwaka 1888, haja ya mpira ilipanda mno, na nchi iliyolipa gharama ya kutisha kuliko zote ilikuwa Kongo, iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji tangu 1885 hadi 1908. Vijiji vilipangiwa kiasi cha mpira cha kuleta. Wanawake walishikwa mateka mpaka waume zao warudi na mzigo. Watu waliuawa, na mikono ikakatwa ili kuthibitisha kwamba risasi haikupotea bure. Ripoti ya balozi mdogo wa Uingereza, Roger Casement, ilichapishwa mwaka 1904, na dunia ikasoma. Sehemu kubwa ya mpira ilikwenda katika magurudumu, naam, lakini makoti na buti vilinunua katika soko lile lile. Mwaka mmoja baada ya ripoti hiyo, mayai ya trauti yalikuwa njiani kuja Gura.

Basi ndivyo ilivyokuwa: mtu mweusi aligema mpira ili mtu mwingine akauke, na mtu mweusi mwingine akalowa kando yake akimshikia samaki.

Kazi ya babu iliisha mwaka 1952. Mwezi Februari mwaka huo Binti Mfalme Elizabeth alikuwa Sagana, katika nyumba aliyozawadiwa na koloni kwa ajili ya harusi yake, ndani ya nchi ya trauti. Huko ndiko alikopewa habari kwamba baba yake amefariki, naye ndiye malkia. Mwezi Oktoba ikatangazwa Hali ya Hatari. Mwaka uliofuata misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya ikapigwa marufuku, na mtu aliyeonekana humo aliweza kupigwa risasi. Vijito alivyovijua babu kama vidole vyake vikawa mahali pa kufa. Hakurudi tena mtoni. Alipokuja uhuru mwaka 1963, magoti yalikuwa yamekwisha kukataa.

Mimi niliingia uvuvi huu kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1978 Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao aliuza vitu vyake, nikanunua fimbo na gambuti zake za kifuani kwa bei ya sufuria mbili. Siku ya kwanza nilipozivaa na kuingia mtoni nikiwa mkavu, sikufurahi kama nilivyotarajia. Nililia kidogo. Kisha trauti akaruka mbele yangu, nikasahau machozi. Miaka mingi nilizitunza kwa viraka vya mipira ya baiskeli na solusheni, hadi mwaka huu.

Sasa nirudi kwenye ununuzi, kwa kuwa si jambo dogo. Ziko aina tatu. Ya kwanza ni ya mpira au kitambaa kilichopakwa mpira: bei nafuu, na fundi wa baiskeli anaweza kuiziba, lakini ni nzito, na ukipanda kilima jasho linakulowesha kuliko mto. Ya pili ni ya neoprini, mpira wa kiwandani uliobuniwa na kampuni ya DuPont mwaka 1930. Hiyo huhifadhi joto vizuri, nayo yafaa kwa mtu anayesimama muda mrefu katika maji ya baridi. Ya tatu ni ya kitambaa kinachopumua, iliyotokana na ugunduzi wa Robert Gore wa mwaka 1969, ikaanza kuvaliwa na wavuvi katika miaka ya tisini. Ina vitundu vidogo mno, tone la maji haliwezi kupita lakini mvuke wa mwili unatoka. Ni nyepesi na ni ya raha. Bei yake ni ya ng'ombe.

Yoyote utakayochagua, funga mkanda kiunoni, kwani ukianguka na maji yakajaa ndani, kutoka mtoni huwa kazi ngumu. Soli nazo ziangaliwe. Zile za sufu iliyoshindiliwa hushika vizuri kwenye mawe yenye utelezi, lakini hukaa na unyevu na kuhamisha viumbe waharibifu kutoka mto mmoja hadi mwingine. New Zealand ilizikataza mwaka 2008. Mimi nitachukua za mpira.

Nilikuwa nimeamua kununua ile ya tatu. Fedha nilikuwa nimeweka akiba mwaka mzima, nami nilijiambia kwamba mzee ana haki ya kujipendeza. Jioni moja akaja kijana wa jirani, ambaye kwa misimu mitatu sasa hunibebea mkoba na kunishika mkono penye mkondo mkali. Akanisalimu, "Guka, maji yanatakata. Tutaenda lini?" Nikamtazama miguu. Alivaa ndala. Nikakumbuka msimu uliopita: mimi nilisimama katikati ya kidimbwi nikisubiri, na yeye kando yangu, suruali imekunjwa hadi mapajani, midomo imepauka kwa baridi, ameshika kimia. Sikuwahi kumwuliza kama anasikia baridi. Misimu mitatu, msomaji wangu, mimi mjukuu wa yule mzee.

Sikulala vizuri usiku ule. Asubuhi nilihesabu tena fedha zangu. Gambuti moja inayopumua ilikuwa sawa na gambuti mbili za neoprini na chenji ya leseni ya pili. Nimeagiza mbili. Yangu ni saizi ya mzee aliyepungua, yake ni saizi ya kijana anayekula ugali vizuri. Fimbo ya pili nitamwazima, na chemchemi ya kuanzia kujifunza kurusha mshipi naijua.

Leo nimeshuka tena darajani. Mawe makubwa yanaonekana, madogo bado. Labda wiki moja, labda mbili. Mzigo haujafika kutoka Nairobi, nami nimemwambia kijana kwamba hata mto ukitakata kesho, hatutaingia mpaka zifike zote mbili.