Zege na jua kali: Robo ndoo ya maji inavyoweza kukudhoofishia slabu

Siku ya kumwaga zege, wenye nyumba wengi huomba mvua isinyeshe. Jua hawaliogopi. Wakiona zege limekauka chapchap wanajua mambo yameenda vizuri.

Kumbe sivyo. Zege halipati nguvu kwa kukauka. Linapata nguvu saruji inapoungana na maji na kugeuka kitu kigumu kama jiwe, kinachoshikilia mchanga na kokoto pamoja. Maji yakitoroka mapema, kazi hiyo inaishia njiani.

Kwa Dar es Salaam, ambako joto la mchana kati ya Desemba na Machi hupita nyuzijoto 30, hilo ni jambo la kulipangia mapema. Dodoma nako kuna upepo na hewa kavu, na hivyo navyo hunyonya maji.

Jua linafanya nini kwenye zege?

Mambo mawili kwa mpigo. Kwanza, joto linaharakisha saruji kushika, kwa hiyo muda wa kumwaga, kushindilia na kusawazisha unapungua. Pili, maji ya juu yanaruka kuwa mvuke. Yakiruka haraka kuliko yanavyopanda kutoka chini, uso wa zege unasinyaa na kupasuka ndani ya saa chache tu.

Wataalamu hutumia kipimo hiki: upotevu ukikaribia lita 1 ya maji kwa kila mita ya mraba kwa saa, hatua za kulikinga zege ziwe tayari zimeanza.

Mtego wa "ongeza maji kidogo"

Zege likianza kukaza kwenye toroli, jibu rahisi pale saiti ni kuongeza maji. Linalainika, kazi inasonga, kila mtu anafurahi. Hasara inakuja baadaye.

Chukua mfuko wa saruji wa kilo 50. Ukichanganywa na lita 25 za maji, uzito wa maji ni nusu ya uzito wa saruji, yaani uwiano wa 0.5. Ongeza lita 5 tu, robo ya ndoo ya lita 20, uwiano unafika 0.6. Nguvu ya zege inaweza kushuka kwa takriban moja ya tano.

Kanuni hii ina zaidi ya miaka 100. Mhandisi Duff Abrams aliichapisha Chicago, Marekani, mwaka 1918: kadiri maji yanavyozidi kulinganisha na saruji, ndivyo zege linavyokuwa dhaifu.

Zege likihitaji kulainika, kuna dawa maalumu za kulilainisha na za kuchelewesha lisishike mapema. Mhandisi ndiye anayepanga kiasi.

Kabla ya kumwaga

- Anza alfajiri au subiri jioni. Wakati wa kujenga Burj Khalifa kule Dubai, miezi ya joto zege lilimwagwa usiku, likiwa limechanganywa na barafu.
- Weka kokoto na mchanga kivulini. Kokoto ndiyo sehemu kubwa ya zege, hivyo ikiwa ya moto, zege zima litakuwa la moto.
- Ukizimwagia kokoto maji zipoe, maji hayo yahesabiwe kwenye mchanganyiko. Barafu nayo ihesabiwe kama maji.
- Lowesha mbao na nondo, lakini pasiwe na madimbwi.
- Changanya kiasi kinachoweza kumwagwa mara moja. Kwa zege la gari, kikomo kilichozoeleka ni dakika 90 tangu maji yakutane na saruji. Kwenye joto kali, muda huo unapungua.

Vipimo vitatu vya kuulizia

*Joto la zege.* Kipimajoto kinachomekwa ndani ya zege bichi. Miradi mingi huweka kikomo kati ya nyuzijoto 32 na 35.

*Slampu.* Koni ya chuma yenye kimo cha milimita 300 inajazwa kwa tabaka tatu, kila tabaka likichomwa mara 25 kwa fimbo. Koni ikivutwa juu, unapima zege limeshuka kiasi gani. Kipimo kifanyike saiti, pale linapomwagwa, kwa sababu zege la asubuhi kiwandani si lile lililokaa foleni juani.

*Michemraba.* Zege linajazwa kwenye vikasha vya chuma, kwa kawaida vya milimita 150 kila upande, kisha linavunjwa maabara baada ya siku 7 na siku 28.

Hapa ndipo wengi hukosea. Zege lililopata joto kali mwanzoni huonekana na nguvu nyingi siku ya 7, lakini likifika siku ya 28 huachwa nyuma na lile lililotunzwa vizuri. Usishangilie jibu la kwanza.

Na michemraba ikiachwa juani, majibu yake hayasemi ukweli kuhusu slabu yako. Siku ya kwanza ikae kivulini, imefunikwa kwa nguo mbichi. Ikitolewa kwenye vikasha, izamishwe majini hadi siku ya kupimwa. Sampuli nayo ichukuliwe katikati ya mzigo, na mtu asiongeze maji baada ya hapo.

Baada ya kumwaga

Sasa ndiyo zamu ya maji. Uso ukishashika, funika kwa magunia yaliyoloweshwa au nailoni, na uhakikishe zege linabaki bichi usiku na mchana kwa siku zisizopungua 7. Kumwagilia asubuhi tu na kuliacha likauke mchana kutwa hakutoshi.

Kazi hii haihitaji mashine. Inahitaji maji, magunia na mtu wa kuyaangalia, ila mara nyingi ndiyo ya kwanza kurukwa fundi akishalipwa na kuondoka.

Kwa kifupi: maji yanayoongezwa ndani ya zege ili kuokoa muda yanalidhoofisha. Maji yanayomwagwa juu yake likishashika yanalikomaza. Kabla kazi haijaanza, kubalianeni na fundi nani atasimamia yote mawili.