Jiwe na Mawe: Upatanisho wa Umoja na Wingi katika Historia ya Lugha ya Perl

Katika kirai “watoto wa wachimbaji wadogo wa Songwa”, kivumishi “wadogo” chaweza kuwaeleza watoto au wachimbaji, kwa kuwa nomino zote mbili ni za ngeli ya A-WA. Tukisema “vifaa vya wachimbaji wadogo”, utata huo hutoweka. Katika ukanda wa Shinyanga na Geita, ambako uchimbaji mdogo hauhusu umri wa mtu, tofauti hii ina uzito wake.

Makala haya yanadai kuwa mitego ya sintaksia ya Perl, lugha ya programu iliyotolewa mwaka 1987, hufafanuliwa vyema kwa kipimo hicho hicho cha upatanisho. Mwasisi wake, Larry Wall, alisomea isimu Berkeley, California, akinuia pamoja na mkewe kuibunia maandishi lugha isiyoandikwa, pengine barani Afrika. Afya iliwazuia, isimu ikahamia kwenye kompyuta. Nyaraka za Perl zenyewe huifananisha alama @ na vionyeshi vya wingi.

Tuchukue uzito wa almasi tatu, kwa karati: @karati = (12, 7, 30). Uzito wa kwanza huandikwa $karati[0], kwani alama hupatana na idadi ya kinachotolewa, si na orodha inayokitoa. Aidha, $n = @karati huipa $n thamani 3, yaani idadi ya mawe; ($n) = @karati huipa 12, yaani uzito wa jiwe la kwanza. Mabano tu ndiyo yanayotenganisha kuhesabu na kupima, na kompyuta haitoi onyo lolote. Kwa mnunuzi wa almasi, hilo si suala la nadharia.

Msemaji wa Kiswahili hana sababu ya kushangazwa na badiliko la alama: ndivyo “mawe” yanavyozaa “jiwe”. Kinachomkwaza ni kwamba $karati, bila mabano ya mraba, si umoja wa @karati hata kidogo. Ni kigeu kingine kabisa, kana kwamba “jiwe” na “mawe” hayana shina moja.

Katika Perl 6, iliyotangazwa mwaka 2000, ikatolewa mwaka 2015 na kuitwa Raku tangu 2019, Wall aliuacha upatanisho huo: sasa huandikwa @karati[0]. Uamuzi huo kwa kawaida husifiwa. Kwa maoni yetu, kasoro haikuwa katika upatanisho wenyewe, bali katika kuruhusu shina moja litaje vitu viwili visivyohusiana.