Jukwaa Lililotangulia Kitabu

Wanahistoria wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuhesabu umri wa tamthilia kwa tarehe za uchapaji. Kwa hesabu hiyo, Nakupenda Lakini ya Henry Kuria ni kazi ya mwaka 1957. Tarehe hiyo, kwa maoni yangu, inaficha jambo kubwa. Kuria aliutunga mchezo huo angali mwanafunzi wa Shule ya Upili ya Alliance, huko Kikuyu nchini Kenya, nao ulichezwa na wanafunzi wenzake kabla haujapigwa chapa. Shuleni humo tamthilia za Shakespeare ziliigizwa kila mwaka, kwa Kiingereza bila shaka. Kiswahili kilijitafutia jukwaa lake pembeni. Kwa hiyo mchezo ulianza kwa kutendwa, ndipo ukawa kitabu.

Baadaye mambo hayo mawili yalitenganishwa. Tamasha la drama la shule za Kenya, lililoanza mwaka 1959, lilibaki na uigizaji. Darasa likabaki na kitabu teule na mtihani. Ndiyo maana Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969) husomwa na wengi wasiowahi kuiona ikichezwa. Maelekezo ya jukwaa, yaliyokusudiwa miguu na sauti, mtahiniwa huyaruka akitafuta dhamira.