Zsuzsa Körmöczy na Ubingwa wa Paris wa Mwaka 1958

Wahungaria hutanguliza jina la ukoo kisha hufuatisha jina la mtu mwenyewe. Kwa hiyo yule ambaye vitabu vya michezo vya Ulaya ya magharibi humtaja kwa jina la Zsuzsa Körmöczy, kwao huitwa Körmöczy Zsuzsa. Maandishi ya jina la ukoo wake ni ya mtindo wa zamani: herufi cz hutamkwa kama ts, na y ya mwisho hutamkwa kama i. Mwanamke huyu alizaliwa Budapest tarehe 23 Agosti 1924, na katika mji uo huo akafariki tarehe 16 Septemba 2006. Mpaka sasa hakuna mwanamke mwingine wa Hungaria aliyepata kutwaa ubingwa wa mchezaji mmoja mmoja katika mashindano manne makuu ya tenisi, yaani yale ya Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani. Yeye aliutwaa Paris mwaka 1958, hali umri wake ni miaka 33.

Umri huo ndio unaotaka kuelezwa. Katika mchezo ule wengi wa rika lake walikuwa wamekwisha tundika raketi zao, naye ndipo kwanza alipofika kileleni. Ni jambo jepesi kuusifu ushindi wake kwa methali ya Waswahili isemayo, Kawia ufike. Walakini methali hiyo hutaja safari na mwisho wake, wala haisemi ni nani aliyemkawiza msafiri. Mwenye kutaka kuyajua maisha ya Körmöczy hana budi kuliangalia hilo nalo, kwa kuwa miaka aliyoikosa haikupotea kwa uvivu wake wala kwa upungufu wa kipaji.

Yafaa kwanza kusema neno juu ya viwanja. Viwanja vya tenisi vya Hungaria, kama vya nchi nyingi za Ulaya ya kati, ni vya udongo mwekundu wa matofali yaliyosagwa, na vya Paris ni vya namna iyo hiyo. Juu ya udongo huo mpira hupunguza mwendo na huruka juu, hata mchezaji aliyezidiwa nguvu hupata nafasi ya kuufikia na kuurudisha. Juu ya nyasi za Wimbledon mambo huwa kinyume: mpira huteleza na kukaa chini, na mwenye pigo kali la kuanzia ndiye afaidikaye. Basi mchezaji aliyelelewa juu ya udongo hujifunza mambo mawili mbele ya mengine yote, nayo ni wepesi wa miguu na saburi. Ndiyo maana mlango wa Wahungaria wa kuingilia katika ubingwa wa dunia ulikuwa Paris, wala haukuwa London.

Aliyeufungua mlango huo alikuwa József Asbóth, aliyezaliwa Szombathely mwaka 1917, mwana wa mfanyakazi wa reli katika mchezo uliozoewa kuwa wa wenye mali. Mwaka 1947 alimshinda Eric Sturgess wa Afrika ya Kusini katika mchezo wa mwisho wa Paris kwa 8–6, 7–5, 6–4, akawa Mhungaria wa kwanza kupata ubingwa huo. Mwaka uliofuata alifika nusu fainali ya Wimbledon, akashindwa na John Bromwich wa Australia kwa 3–6, 12–14, 2–6. Siku hizo hapakuwa na kanuni ya kuikata seti iliyofungana. Ile ya pili peke yake ilikuwa na michezo 26. Asbóth alikuwa na miaka 29 alipoushika ubingwa wa Paris, na vita vilikuwa vimekula miaka yake iliyo bora.

Körmöczy alikuwa mdogo kwake kwa miaka saba, na vita vilimkuta mahali pabaya zaidi, kwa sababu alikuwa wa asili ya Kiyahudi. Serikali ya Hungaria ilikuwa imekwisha kuweka sheria za kuwabana Wayahudi katika miaka ya 1938, 1939 na 1941, kwanza katika kazi na uchumi, hata mwisho katika ndoa. Tarehe 19 Machi 1944 majeshi ya Ujerumani yaliingia nchini. Tangu katikati ya Mei mpaka mwanzo wa Julai mwaka huo Wayahudi zaidi ya 430,000 walichukuliwa kutoka mikoani kwa magari ya moshi, walio wengi wakapelekwa Auschwitz. Zamu ya Budapest ilisimamishwa wakati wa Julai, lakini mwezi wa Oktoba chama cha Mishale Iliyopandana kilishika serikali, na mauaji yakaingia mjini. Kisha mji ukazingirwa na majeshi ya Urusi, nao ukaanguka wote tarehe 13 Februari 1945, madaraja yake yote juu ya mto Danube yakiwa yamevunjwa. Katika mambo hayo Körmöczy alisalimika.

Wimbledon haikuchezwa tangu mwaka 1940 hata mwaka 1945. Kwa Körmöczy muda huo ulikuwa wa umri wa miaka 15 hata 20, yaani wakati ambao kijana mwenye kipaji hupimana na walio bora kuliko yeye, hushindwa, hujifunza, na kurudi tena. Yeye aliukosa wote. Alipoanza kuonekana katika mashindano makubwa ya nje katika miaka ya mwisho ya 1940, alikuwa mtu mzima mwenye kuanza mambo ya utotoni.

Mara ulitokea ukuta wa pili. Mwaka 1949 Hungaria ilitangazwa kuwa Jamhuri ya Watu chini ya utawala wa chama kimoja, na mipaka ikafungwa. Mchezaji hakuweza kwenda Paris wala London kwa hiari yake. Ilimpasa kupata ruhusa ya serikali, na serikali ilichelea kwamba aendaye hatarudi. Hofu hiyo ilikuwa na msingi wake. Mwaka uo huo wa 1949 bingwa wa Chekoslovakia, Jaroslav Drobný, alikuwa Uswisi kwa mashindano, akakataa kurudi kwao. Nchi iliyompokea na kumpa uraia ilikuwa Misri, na kwa jina la Misri aliutwaa ubingwa wa Paris mwaka 1951 na 1952, na ule wa Wimbledon mwaka 1954. Asbóth naye baadaye aliihama Hungaria, akawa mwalimu wa mchezo ugenini, akafariki Munich mwaka 1986.

Tena haifai kusahau kwamba kabla ya mwaka 1968 mashindano makuu yalikuwa ya wachezaji wasiolipwa. Bingwa alipewa kikombe na heshima, wala hakupewa fedha za ushindi. Katika nchi za magharibi mchezaji aliweza kutegemea mali ya jamaa zake au hisani ya klabu. Katika Hungaria aliitegemea dola. Hivyo mkono uliomlisha ndio ulioshika hati yake ya kusafiria.

Mwezi wa Oktoba 1956 wananchi wa Hungaria waliasi, na tarehe 4 Novemba majeshi ya Urusi yalishambulia Budapest na kuuzima uasi. Watu wapatao 200,000 waliikimbia nchi, na miongoni mwa waliobaki nje walikuwamo wanasoka mashuhuri Puskás, Kocsis na Czibor. Körmöczy hakufuata njia hiyo. Miezi kumi na minane hivi baada ya mizinga kunyamaza, alisimama juu ya udongo wa Paris akiwa mchezaji wa Hungaria.

Katika mchezo wa mwisho wa mwaka 1958 alikabiliana na Shirley Bloomer wa Uingereza, aliyekuwa bingwa wa mwaka uliotangulia, naye alikuwa na miaka 23. Körmöczy alishinda seti ya kwanza 6–4. Katika seti ya pili alielemewa, akapata mchezo mmoja tu dhidi ya sita. Mwenye kuzitazama hesabu hizo angedhani kwamba umri umekwisha sema neno lake, na kwamba aliye mdogo kwa miaka kumi atamaliza kazi. Haikuwa hivyo. Seti ya tatu aliichukua Körmöczy 6–2, na ubingwa ukawa wake.

Wiki chache baadaye alikwenda Wimbledon, akafika nusu fainali juu ya nyasi ambazo hazikuwa zake. Hapo Angela Mortimer, aliyekuwa bingwa wa Paris wa mwaka 1955, alimshinda 6–0, 6–1. Katika michezo 13 Körmöczy alipata mmoja. Ushindi wa Paris na kipigo cha Wimbledon husomwa vizuri vikiwekwa pamoja, maana huonyesha kwamba nguvu yake haikuwa ya kuuvunja mchezo wa adui kwa pigo moja, ilikuwa ya kudumu naye mpaka achoke au akosee. Hata hivyo Lance Tingay wa gazeti la Daily Telegraph, ambaye mpango wake wa wachezaji bora wa kila mwaka uliheshimiwa sana, alimweka wa pili duniani kwa mwaka huo, nyuma ya Althea Gibson wa Marekani.

Mwaka 1959 alirudi Paris kuutetea ubingwa wake, akafika tena mchezo wa mwisho. Upande wa pili wa wavu alisimama Christine Truman wa Uingereza, msichana wa miaka 18. Truman alishinda 6–4, 7–5. Hapana haja ya kutia chumvi katika habari hii ili uzito wake uonekane. Alipokuwa na miaka 18 kama Truman, Körmöczy alikuwa katika nchi iliyo vitani, chini ya sheria zilizomhesabu kuwa mtu pungufu, na Wimbledon ilikuwa imefungwa. Katika mchezo ule walipambana miaka 18 iliyopewa kila nafasi, na miaka 34 iliyonyang'anywa nusu yake. Na tofauti kati ya pande mbili ilikuwa michezo minne tu. Mwaka 1960 Körmöczy alitwaa ubingwa wa Italia mjini Rome kwa kumshinda Ann Haydon, hali umri wake ni miaka 35.

Habari hii haikuwa ya mtu mmoja tu. Mwaka 1966 Mhungaria mwingine, István Gulyás, alifika mchezo wa mwisho wa Paris akiwa na miaka 34. Adui yake, Tony Roche wa Australia, kijana wa miaka 21, alikuwa ameumia kifundo cha mguu, na Gulyás alikubali mchezo uahirishwe kwa siku moja ili mwenziwe apate nafuu. Roche alipona kiasi cha kutosha, akashinda 6–1, 6–4, 7–5. Gulyás alitunukiwa tuzo ya kimataifa ya uungwana wa mchezo. Basi Wahungaria watatu wa zama hizo walifika siku ya mwisho ya Paris, mmoja kwa miaka 29, mmoja kwa 33, na mmoja kwa 34. Nchi ambayo vijana wake hufika wazee imetozwa ushuru njiani.

Kwa hiyo methali ya Kawia ufike yamstahili Körmöczy, lakini haimtoshi. Kufika kulikuwa kwake mwenyewe, kwa miguu yake na saburi yake. Kukawia hakukuwa kwake. Kitabu cha mabingwa wa Paris huandika jina moja na mwaka mmoja, wala hakina nafasi ya kuandika miaka ambayo mtu alizuiliwa kushindana. Nafasi hiyo ni ya historia.