Bastola ya Nyikani na Meza ya Kujazia Risasi

Kwa karibu karne moja na nusu, bastola ya silinda imekuwa silaha ya kiunoni ya watu wanaofanya kazi mbali na barabara katika milima ya Rocky na misitu ya Alaska: wachunga ng'ombe, wategaji wanyama, wapima ardhi na waongoza wawindaji. Bunduki ina nguvu kubwa zaidi na hulenga mbali zaidi, lakini hubaki kwenye tandiko la farasi au imeegemezwa mtini pale mikono inaposhika shoka, kamba au ndoano ya samaki. Bastola haimwachi mwenyewe. Shida yake ni moja tangu mwanzo: namna ya kutia nguvu ya kumsimamisha mnyama mkubwa ndani ya chuma ambacho mtu yuko tayari kukibeba kutwa nzima. Wa kwanza kuishughulikia shida hiyo kwa dhati walikuwa wanunuzi waliojaza risasi zao wenyewe nyumbani. Viwanda vilikuja nyuma yao, tena kwa kusitasita.

Kutoka baruti nyeusi hadi ganda la shaba

Samuel Colt alipata hataza ya bastola yake ya silinda nchini Marekani mwaka 1836. Zile za kwanza zilikuwa dhaifu, na kampuni yake ikafilisika. Mwaka 1847 alirudi sokoni na bastola kubwa aliyoiunda kwa mashauri ya Kapteni Samuel Walker, aliyepigana pamoja na askari wa doria wa Texas. Ilikuwa na uzito wa kilo 2 na kitu, na kila tundu la silinda lilimeza karibu gramu 4 za baruti. Hakuna aliyeivaa kiunoni kwa raha. Zilibebwa mbili mbili, zikining'inia kwenye tandiko.

Katika zama hizo kila mwenye bastola alikuwa mjazaji. Alimimina baruti tunduni, akashindilia kitonge cha risasi juu yake, kisha akabandika fataki nyuma ya kila tundu. Mambo yalibadilika mwaka 1857, Smith & Wesson walipoanza kuuza bastola yenye silinda iliyotobolewa hadi nyuma, ya kutumia risasi zilizofungwa tayari ndani ya ganda la shaba. Hataza ya ubunifu huo, iliyokuwa ya Rollin White, ilimalizika mwaka 1869, na mlango ukawa wazi kwa wengine. Mwaka 1873 Colt walitoa bastola ya jeshi iliyotumia risasi ya .45. Ilikuwa na uzito wa kilo 1 na kidogo, na kichwa cha risasi yake kilikuwa na gramu 16 na nusu. Hapo kwa mara ya kwanza mtu alivaa kiunoni, bila kulemewa, silaha ya kumwangusha farasi aliyemburuta au fahali aliyemgeukia.

Risasi za kiwandani, hata hivyo, zilikuwa ghali, na duka lingeweza kuwa mwendo wa siku kadhaa. Ganda la shaba halikuwa la kutupwa. Wawindaji wa nyati wa miaka ya 1870 waliokota maganda ya bunduki zao na kuyajaza upya kambini usiku. Kazi hiyo ilirahisishwa na uvumbuzi mmoja mdogo. Mwaka 1866 Edward Boxer, afisa wa Uingereza, alibuni fataki yenye fuawe yake ndani, hivyo ganda likahitaji tundu moja tu katikati ya kitako. Fataki iliyokwisha kulipuka husukumwa nje na pini nyembamba kupitia tundu hilo. Hiram Berdan wa Marekani alibuni ya aina nyingine, yenye fuawe kwenye ganda lenyewe na matundu mawili pembeni, ambayo haitoki kwa urahisi. Ikatokea kwamba Wamarekani walishika mtindo wa Mwingereza, na majeshi mengi ya Ulaya yakashika ule wa Mmarekani. Utamaduni wa kujaza risasi nyumbani ulikita mizizi Marekani kuliko Ulaya kwa sababu hiyo, miongoni mwa nyingine.

Mwaka 1884 John Barlow alianzisha kampuni ya Ideal huko Connecticut, iliyouza koleo lenye vifaa vyote vya kujazia na lililotosha katika mfuko wa tandiko. Pamoja na koleo hilo alichapisha kijitabu cha maelekezo, na vitabu vya namna hiyo vikawa tangu hapo nguzo ya kazi yenyewe.

Elmer Keith na risasi ya .44

Mtu aliyeisukuma bastola ya nyikani kuliko mwingine yeyote alikuwa Elmer Keith, aliyezaliwa Missouri mwaka 1899 na kukulia Montana na Idaho. Alichunga ng'ombe, akafuga, akaongoza wawindaji katika bonde la mto Salmon, na usiku akaandikia magazeti ya bunduki. Baruti isiyo na moshi ilikuwa imekwisha kuenea, lakini viwanda viliendelea kujaza risasi za bastola kwa kipimo cha chini, kwa sababu bastola kuukuu za enzi ya baruti nyeusi zilikuwa bado mikononi mwa watu kwa maelfu.

Keith alianza na Colt ya .45, akiipa vichwa vizito na baruti nyingi. Tarehe 4 Julai 1925, alipokuwa akifyatua hewani kusherehekea sikukuu ya uhuru, silinda ilipasuka mkononi mwake. Aliponea chupuchupu, na tukio hilo likamwelekeza kwenye hesabu rahisi: katika silinda ya ukubwa ule ule, tundu la .45 huacha ukuta mwembamba wa chuma, na tundu la .44 huacha ukuta mnene zaidi. Akahamia kwenye risasi ya .44 Special, iliyotolewa na Smith & Wesson mwaka 1907. Kiwandani risasi hiyo ilikuwa ya upole, ikirusha kichwa cha gramu 16 kwa mwendo wa mita 230 kwa sekunde. Keith aliifikisha karibu mita 365.

Alibadili pia umbo la kichwa. Vichwa vya zamani vilikuwa vya mviringo, navyo hupenya nyama kwa kuisukuma kando, na jeraha hujifumba nyuma yake. Keith alichora kichwa chenye pua bapa, na chini ya pua bega kali linalokata tundu la duara kamili. Kampuni ya Lyman, iliyokuwa imeinunua Ideal, ilitengeneza kalibu yake na kuipa namba 429421. Mwenye kalibu hiyo aliyeyusha risasi chakavu katika chungu cha chuma, akachanganya sehemu moja ya bati kwa sehemu 16 za risasi ili kichwa kiwe kigumu, akamimina kwa upawa, akasubiri uji wa madini ugande, kisha akagonga kalibu na kuangusha kichwa juu ya kitambaa. Vichwa mia vilikuwa kazi ya jioni moja.

Kutoka .357 hadi Magnum ya .44

Smith & Wesson walikuwa wa kwanza kukubali kwamba wajazaji walikuwa wametangulia. Mwaka 1935, kwa ushirikiano na Winchester na baada ya majaribio ya mwandishi Philip Sharpe, walitoa Magnum ya .357. Ilikuwa risasi ya .38 Special iliyorefushwa ganda kwa takriban milimita 3. Urefu huo ulikuwa kufuli: risasi mpya yenye shinikizo kubwa haikuweza kuingia katika bastola ya zamani ambayo ingepasuka. Douglas Wesson, wa ukoo wa wenye kampuni, aliipeleka bastola hiyo porini na kuwinda nayo wanyama wakubwa ili kuitangaza. Bastola ya kwanza ya aina hiyo alikabidhiwa J. Edgar Hoover, mkuu wa FBI, na wanunuzi wake wengi wakawa polisi. Watu wa milimani waliona kichwa chake cha gramu 10 ni chepesi mno mbele ya dubu.

Keith aliendelea kuvidai viwanda vitengeneze .44 kwa kipimo chake, na jibu likawa lile lile, kwamba risasi hiyo ingevunja bastola kuukuu. Hatimaye Remington na Smith & Wesson walitumia tena dawa ya kurefusha ganda, na mwishoni mwa mwaka 1955 Magnum ya .44 ikazaliwa. Ilitangazwa kurusha kichwa cha gramu 15 na nusu kwa mwendo wa mita 440 kwa sekunde, nishati ya takriban juli 1,500, zaidi ya mara tatu ya .44 Special ya kiwandani. Bastola yake ilikuwa na uzito wa karibu kilo 1.35. Mwaka uliofuata William Ruger alitoa Blackhawk ya risasi hiyo hiyo, yenye nyundo ya kuvutwa kwa kidole gumba kila mara, na ya bei nafuu kuliko ya Smith & Wesson. Kwa miaka 15 soko lilikuwa dogo. Filamu ya Dirty Harry ya mwaka 1971 ikaiuza bastola ya Smith & Wesson kwa watu wengi ambao hawakuwa na dubu wala mlima.

Kazi ya mezani

Mahitaji ya vita vya pili vya dunia yaliacha maduka matupu, na uhaba huo ukazaa viwanda vipya vya vifaa vya kujazia. Mwaka 1943 Fred Huntington alianzisha RCBS huko Oroville, California, na mwaka huo huo Vernon Speer akaanza kutengeneza vichwa vya risasi. Baada ya vita Bruce Hodgdon wa Kansas alinunua baruti ya ziada ya jeshi na kuiuza rejareja. Joyce Hornady alianza biashara yake ya vichwa Nebraska mwaka 1949. Sheria ya shirikisho inamtaka leseni mtu anayetengeneza risasi za kuuza, lakini haimtaki anayejaza zake mwenyewe, na mashine ya kukandamiza iliyofungwa kwenye meza ya gereji ikawa kitu cha kawaida.

Hatua zenyewe hazijabadilika sana. Ganda lililotumika hukaguliwa kama lina ufa, hupitishwa katika kifaa kinacholibana lirudie kipenyo chake, na fataki ya zamani husukumwa nje. Mdomo hupanuliwa kidogo, fataki mpya hukandamizwa mahali pake, baruti hupimwa kwa mizani, kichwa hukalishwa, na mwisho mdomo wa ganda hukunjwa ndani ya mfereji uliozunguka kichwa. Vipimo hutoka katika vitabu vinavyochapishwa na watengenezaji wa baruti na vichwa, waliopima shinikizo kwa mitambo. Hatari inayoogopwa kuliko zote ni kutia baruti mara mbili katika ganda moja. Baadhi ya baruti za kasi huchukua nafasi ndogo sana ndani ya ganda refu la magnum, hivyo vipimo viwili huingia bila kumwagika. Ndiyo maana mjazaji mwangalifu hupanga maganda yote ubaoni na kuyamulika moja moja kwa tochi kabla ya kukalisha vichwa.

Kule kukunja mdomo, ambako katika risasi nyepesi ni jambo dogo, katika bastola kubwa ni jambo la uhai. Bastola inaporuka nyuma kwa nguvu, maganda yaliyosalia silindani huenda nayo, na vichwa vyake hutaka kubaki pale pale vilipokuwa. Mkunjo ukilegea, kichwa huchomoza taratibu kwa kila mlio hadi kinatokeza mbele ya silinda na kugonga fremu. Silinda hukwama, na bastola haifyatuki tena hadi ifunguliwe. Mtu aliyejaza vibaya hugundua kosa hilo kwenye risasi ya tatu au ya nne.

Mashindano ya nguvu

Magnum ya .44 haikuwa mwisho. Dick Casull wa Utah alikuwa amekwisha kuanza majaribio ya .45 yenye shinikizo kubwa katika miaka ya 1950, akitumia silinda ya matundu matano badala ya sita ili ukuta uwe mnene. Risasi yake ya .454 ilipata kiwanda mwaka 1983, kampuni ya Freedom Arms ya Wyoming ilipoanza kuunda bastola yake. Katika miaka ya 1980 John Linebaugh, naye wa Wyoming, alitengeneza risasi za .475 na .500 kwa kukata maganda ya bunduki, na kwa muda mrefu mwenye bastola yake hakuwa na njia ila kujaza mwenyewe. Mwaka 2003 Smith & Wesson walitoa Magnum ya .500, yenye nishati inayozidi juli 3,000. Mfano wake wa mtutu mrefu una uzito wa kilo 2, sawasawa na ile Walker ya mwaka 1847, na mwingi kupita kiasi kwa mtu anayetembea kwa miguu.

Chuma kilikuwa kimeupita mkono. Mtu anayeogopa pigo la bastola yake hufumba macho na kuvuta mtutu chini kabla ya mlio, na kichwa cha risasi kinachomkosa dubu hakina faida kwa ukubwa wake. Kwa hiyo watu wazoefu wa Alaska wengi wametulia kwenye .44 au .454 yenye mtutu wa inchi 4 hadi 6, mara nyingi ya chuma kisichoshika kutu, ambacho kilianza kupatikana kwa .44 mwishoni mwa miaka ya 1970. Hapa faida ya silinda juu ya bastola ya kujijaza yenyewe huonekana: haitegemei nguvu ya risasi ili ifanye kazi, hivyo mwenyewe huweza kujaza risasi za upole kwa mazoezi ya wiki nzima na nzito kwa safari, kwa bastola ile ile. Hata hivyo bastola za kujijaza za milimita 10 zimechukua sehemu ya nafasi hiyo. Kikosi cha Sirius cha Denmark, kinachozunguka Greenland kwa mbwa na sleji, hubeba hizo kwa ajili ya dubu weupe.

Mshindani mwingine hana baruti kabisa. Katika miaka ya 1980 dawa ya pilipili ya kupulizia dubu ilibuniwa Montana. Utafiti wa Tom Smith na Stephen Herrero uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba huko Alaska dawa hiyo ilimzuia dubu wa kahawia katika zaidi ya asilimia 90 ya matukio. Utafiti wao wa mwaka 2012 juu ya bunduki, uliochambua matukio 269, ulikuta bastola zilifaulu kwa asilimia 84 na bunduki ndefu kwa asilimia 76, na kwamba mara nyingi aliyeshindwa ni yule ambaye hakupata muda wa kuiandaa silaha yake. Tangu mwaka 2010 sheria ya shirikisho inaruhusu kubeba silaha katika hifadhi za taifa kwa kufuata sheria ya jimbo husika, lakini wasimamizi wa hifadhi hizo huwashauri wageni watangulize dawa. Waongoza wawindaji wengi hubeba vyote viwili: kopo la dawa kifuani, bastola kiunoni.